Msoma Mita

Miaka ishirini na miwili nilisoma mita za maji:
Umoja, Kariobangi Kusini, Buruburu awamu ya tatu,
nikiinama, nikifuta tope kwenye kioo kwa kidole gumba,
nikiandika tarakimu huku mbwa akiniandama.
Leo nasomwa mimi.
Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili unusu alfajiri,
navua viatu, napanda mzani,
na Sista Kerubo anainama nilivyokuwa nikiinama:
"Kilo tatu na nusu juu, Mzee Mulei. Umekunywa nini?"

Nimekunywa nini.
Vikombe viwili vya plastiki kwa siku,
Kalekye amevitia alama kwa rangi ya kucha,
mstari mwekundu usiohongeka.
Kipande cha barafu, nilikilamba tu.
Nilisukutua nikatema, karibu yote.
Na supu ya mbuzi, Sista, kwenye matanga ya shemeji,
lakini hiyo si ya kuhesabu,
msiba haupimwi kwa kikombe.

Anaiandika.

Daktari Nzilani alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa.
Figo, alisema, ina mlinzi wake langoni,
kazi yake kuchungulia damu ikipita.
Damu ikipungua, mlinzi hupiga yowe: Ukame!
Yowe hilo jina lake renini.
Hupokewa, hupokezwa, likipita mapafuni hupanda cheo,
mishipa ikajikaza kama mshipi wa askari,
na kutoka tezi iliyokaa juu ya figo kama kofia
aldosteroni hushuka na amri:
chumvi isitoke hata punje.
Chumvi ikibaki, maji nayo hayatoki,
hao walishaoana.
Na kule ubongoni homoni nyingine hufunga koki,
na ulimi ukawa kama gunia.

"Lakini ukame uko wapi?" nikamuuliza.
"Nimefura hadi soksi zinanichimba mtaro."
"Mlinzi ni mgonjwa," akasema. "Mbele yake pamejaa makovu.
Anaona kijito kinapita, anadhani mto umekauka."

Nikacheka, nikakohoa, nikacheka tena,
maana mlinzi huyo namjua.
Ni Mama Wangeci wa ghorofa ya nne.
Bomba likikohoa mara moja tu
hutoka ngazini na kanga ya kulalia: Maji yanakatwa!
Nyumba zote zikajaza mitungi, sufuria, beseni la mtoto,
hata ndoo ya kupigia deki,
kila mtu akajaza kwa kuwa mwenzake anajaza,
hadi bomba likakauka kweli.
Miaka yote ile niliandika tarakimu zile za hofu
nikadhani ni matumizi.

"Na moyo?" nikauliza.
Moyo una neno lake pia, akasema.
Ukitanuka kwa maji hutuma ujumbe: mwageni, mwageni.
Hutuma kila siku.
Ofisi imefungwa.

Kwenye kiti cha pili Bi Dhahabo wa Eastleigh
anafyonza mbegu ya ndimu, macho amefumba.
Mashine inazunguka, damu yangu inatoka, inarudi.
"Kiu ni mgeni wa kila siku," ananiambia.
"Msalimu. Usimpe kiti."
Wiki iliyopita kiti chake kilikuwa kitupu, nikaogopa kuuliza.
Kumbe alikuwa arusini.

Usiku wa kuamkia Jumatano maji huja mtaani kwetu,
saa nane, yakitanguliwa na upepo ndani ya bomba.
Kalekye hushika mtungi, mimi hushika tochi.
Jana nilimwacha akijaza, nikashuka hadi kwenye mita,
nikafuta kioo kwa kidole gumba.
Kigurudumu chekundu kilikuwa kinakimbia,
jengo zima likinywa gizani.
Nikasimama pale nikisoma, na hakuna aliyenituma.
Juu, Kalekye akaniita mara tatu.
Nilipopanda nikanawa uso,
na tone moja likateremka pembeni mwa pua,
likafika mdomoni, likakaa.

Hilo nalo, Sista.
Usiliandike.